Kaeni Chini, Chai Napika Mimi

Nani kati yenu amepandisha sufuria yangu ya chai juu ya kabati? Simtafuti nimpige. Nataka tu kujua yeye ana urefu gani, na alidhani mimi nina urefu gani.

Najua mlikuja Jumamosi kwa nia njema. Kanisani walitangaza kwamba Mama Wawuda ametoka hospitali na nyonga mpya, nanyi vijana mkapanda treni mkaja Stratford na ndoo zenu, kana kwamba kwangu hakuna ndoo. Faith alipangusa madirisha. Brian, ambaye mama yake angezimia kama angemwona, aliosha bafu. Mkapika, mkafua, mkakunja nguo, mkanikalisha kwenye kochi na kunifunika blanketi hadi kidevuni. Kila nilipojaribu kuinuka, sauti ilitoka jikoni: "Aunty, relax! Wewe kaa tu!" Mlipoondoka nyumba ilikuwa inang'aa, nami nimekaa ndani yake kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Tangawizi sijaiona hadi leo. Chumvi nimeikuta kwenye friji.

Asanteni. Nasema hivyo kwa moyo wote, maana wako wazee katika mji huu ambao hawajagongewa mlango tangu majani yaanze kuanguka. Lakini Alhamisi asubuhi anakuja mtu wa kaunsili kunipima. Ataangalia kama mwanamke wa umri wangu, mwenye nyonga ya chuma, anaweza kuendelea kukaa peke yake kwenye fleti hii, au afadhali ahamie Leeds kwa binti yake. Wawuda ameshanitengea chumba, ameshanunua na mapazia. Nampenda binti yangu sana. Hata hicho chumba nakipenda, kwa wikendi moja. Lakini kwangu ni hapa, ambako najua ubao gani wa sakafu unalia na jirani gani anakohoa.

Na hao wapimaji nawajua. Nimefanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, London hii hii, tangu Wawuda akiwa anaanza shule hadi akaolewa. Wengi wenu mnafanya kazi hiyo hiyo sasa, na mnaifanya kwa mbio, mmevaa vile vitu masikioni. Kwa hiyo someni haya kabla ya Alhamisi. Brian, wewe soma mara mbili.

Nianzie na majira yenyewe. Kwetu Taita vuli ni mvua ya kupandia. Mtu akisema vuli imefika, unatafuta jembe. Nilipofika hapa nikaona watu wanaikaribisha vuli yao kwa kufagia majani yaliyokufa na kununua soksi nene, nikahuzunika nusu ya mwaka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapa pia ni wakati wa kupanda, ila shamba ni ndani ya nyumba. Joto unalolipanda mwezi wa kumi ndilo utakalovuna mwezi wa pili, na aliyelala ataona.

Aliyenifundisha hayo ni Verna, mwanamke wa Jamaika aliyekuwa ameanza kazi hii kabla yangu. Vuli yangu ya kwanza nilipewa mzee mmoja wa kule Leyton, na kwa kuwa nilikuwa naogopa baridi kuliko shetani, niliziba madirisha yake yote kwa utepe na magazeti. Halafu nikachemsha supu kutwa. Nikajiona fundi. Mvuke ukakosa pa kutokea, na muda si mrefu ukuta wa chumbani ukaota ukungu mweusi, na yule mzee akaanza kukohoa. Verna alikuja kuangalia, akapitisha kidole ukutani, akanionyesha.

"Darling," akasema, "umempikia nani, mzee au ukuta?"

Akafungua madirisha yote, na nje kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Nikadhani amerukwa na akili. Lakini ndiyo dawa: asubuhi unaiacha nyumba ivute pumzi kidogo, kisha unafunga na kuwasha hita. Mapazia unayafunga giza likiwa bado halijaingia, si baada ya kuingia, maana ukichelewa joto limeshaondoka. Taulo kuukuu unaliviringisha na kulilaza chini ya mlango. Chupa ya mpira ya maji moto unaitanguliza kitandani kabla ya mwenye kitanda, ili akute pameshapashwa. Na usimwulize mzee kama anasikia baridi, kwa sababu atakujibu hapana, hata kama meno yanagongana. Mshike vidole tu. Vidole havina adabu, vitasema ukweli.

Maboga nayo nisiyaruke. Mwisho wa mwezi wa kumi watu wa hapa wananunua maboga makubwa, wanayachonga macho na meno, wanayaweka mlangoni watoto wayaogope, kisha wanayatupa. Wanatupa boga! Mimi mtoto wa Taita nilipita barabarani nikiyatazama nikakaribia kulia. Mwaka mmoja nikapiga moyo konde, nikamgongea jirani na kumwomba lile lake ambalo lilikuwa halijachongwa. Alinipa huku akinitazama kwa wasiwasi. Nikalipika kwa tui la nazi na iliki, nikampelekea bakuli. Tangu siku hiyo, kila vuli ananiwekea boga mlangoni, na bakuli langu tupu juu yake. Nyinyi mnaosema London haina majirani, jaribuni kwanza boga.

Sasa nifike Kenton, upande mwingine wa London, maana huko ndiko linakotoka jambo la sufuria.

Kulikuwa na mama mmoja Mhindi, mjane, jina lake Kusum. Lakini mtaa mzima walimwita Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama mzee, na mimi nikamwita hivyo. Alizaliwa Kisumu, baba yake akiwa na duka la vitambaa, na alikuja London akiwa bibi harusi. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kimekatwa hapa na pale kama kitambaa cha mita. Siku ya kwanza aliponisikia nikizungumza na Wawuda kwenye simu, aliinua kichwa akasema, "Wewe natoka Kenya? Sasa kwa nini nasema na mimi Kingereza siku nzima kama daktari?"

Ba alikuwa ameanguka mwezi wa tisa, akifagia majani mlangoni kwake. Hakuvunjika, ila aliumia kiasi cha kulazwa, na alirudi akitembea kwa fremu, kile chuma cha miguu minne cha kushikilia. Mwanawe Dilip, mtu mzima mwenye mvi zake, alikuwa amebanwa na kazi na barabara. Kila jioni aliendesha gari kutoka mbali kuja kumtazama mama yake kwa dakika chache akiwa amesimama, funguo mkononi. Alikuwa ameona nyumba ya wazee nzuri, yenye chakula cha Kigujarati na bustani. Kaunsili ikasema itatuma mtu ampime kwanza. Akionekana anajiweza kidogo, abaki na asaidiwe. Akionekana hajiwezi, basi ahame kabla ya baridi kuu.

Ba hakutaka hata kusikia habari za bustani. "Mimi nataka washa taa ya Diwali hapa," aliniambia, akipiga mkono wa kiti. "Hapa mlango yangu. Mwaka hii, na mwaka ingine. Si mlango ya ofisi."

Nikajiapiza kwamba nitamsaidia abaki. Na nikaanza kumsaidia kwa njia ambayo nyinyi nyote mnaijua, kwa sababu ndiyo mliyonifanyia mimi Jumamosi.

Nilivyolelewa, mtu mzima akiinuka kufuata maji na wewe kijana umekaa, umejitafutia laana. Mzee hashiki ufagio. Mzee haoshi kikombe. Kwa hiyo kila Ba alipoweka mikono kwenye fremu ainuke, nilikuwa nimeshafika. "Kaa, Ba. Mimi nipo." Nikampikia, nikamwoshea, nikamkatia hata chapati vipande. Jiko lake lilikuwa limejaa mabati ya viungo mezani, sufuria nyeusi juu ya gesi, mitungi ya dengu hadi sakafuni. Nikasema mama wa watu ataanguka tena hapa. Nikapanga vyote juu makabatini, nikasugua, nikamnunulia birika la umeme na majani ya chai ya vipakiti, ili asipate taabu ya kuchemsha maziwa. Dilip aliona jiko akalipiga picha. Akaniambia nina mikono ya dhahabu. Nikarudi nyumbani kwa basi nikitabasamu peke yangu.

Ila Ba alianza kunyamaza. Akawa hali vizuri. Akawa anakaa chumba kimoja na shali lake akitazama nje, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa majani kwenye magari ya watu. Jikoni hakwenda tena. Nikasema moyoni, ndiyo uzee huo, na nikazidi kumhudumia.

Na kuna kitu kingine lazima niwaambie, ama sivyo hamtaelewa kilichotokea baadaye. Mama yangu mzazi alikuwa yaya kwa Wahindi pale Voi. Watu wazuri, hawakumtukana. Lakini kikombe chake kilikuwa cha bati, kikikaa peke yake dirishani kwa nje, na chai yake aliinywa amesimama uani. Likizo za shule nilimfuata, nikakiona. Kwa hiyo nilipoingia kwa Ba nilikuja na chupa yangu ya chai mkobani. Nilinywa kwa kifuniko chake, nimesimama karibu na sinki, koti mwilini. Ofisi yetu ilikuwa na sheria kwamba hatuli wala hatunywi vya wenyewe, nami nikaishika sheria hiyo kama msahafu. Hakuna ambaye angeniwekea kikombe dirishani kama nilikuja na changu.

Siku ya kupimwa ikafika. Aliyekuja ni dada mmoja anaitwa Claire, mpole, viatu vimejaa majani. Alimsalimu Ba, akatazama ngazi, akatazama choo. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba angefurahi sana kama Ba angemtengenezea kikombe cha chai.

Nikainuka. Claire akaninyooshea kiganja. "Yeye," akasema. "Si wewe."

Wanangu, nimeona mengi katika kazi ile, lakini sijaona kitu kirefu kama safari ya yule mama kutoka mlangoni mwa jiko lake hadi kwenye meza yake. Alifungua kabati la kwanza, akakuta sabuni. Akafungua droo ya vijiko, akakuta vitambaa. Alinyoosha mkono mahali ambapo sufuria yake ilikuwa imekaa miaka yote ya ndoa yake, mkono ukashika hewa. Akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaona haya, na mimi ndiye niliyemtia haya hayo.

Mwishowe aliliona lile birika la umeme. Akalijaza maji vizuri, akalibeba kwa uangalifu, akaliweka juu ya gesi, akawasha.

Mnajua plastiki inavyonuka. Claire alikuwa mwepesi, alizima kabla hakijaharibika kitu zaidi ya birika, lakini kengele ya moshi ilishaanza kupiga kelele, na Dilip alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mum," alikuwa akisema. "Oh, Mum." Ba akakaa chini akafunika uso kwa shali.

Pale mlangoni, wakati wa kuaga, Claire aliniuliza ni lini mara ya mwisho Ba alipika chai yake. Nikamwambia, kabla mimi sijaja. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwetu ni heshima, mzee hafanyi kazi na wewe upo. Hakucheka wala hakunifokea. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi nitarudi karibu na Diwali kabla sijaamua. Mpaka wakati huo, tafadhali, jaribu kupunguza hiyo heshima kidogo."

Nilimpigia Verna simu nikiwa kwenye basi, nikitegemea anipoze. Verna alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Aliponyamaza akasema, "Kalia mikono yako, darling. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kuinua mzee ni rahisi."

Kesho yake nilimweka Ba kwenye stuli katikati ya jiko, nikashusha kila kitu nilichokuwa nimepandisha. Nikamwuliza kila kimoja kinakaa wapi. Mwanzoni alijibu kwa kidole tu. Nikakosea bati la masala, nikaliweka rafu ya juu kidogo. Akakunja uso.

"Hii hapana hapa. Chini."

Nikalishusha kidogo.

"Chini! Wewe nafikiri mimi twiga?"

Baada ya hapo alikuwa ni binti wa duka la Kisumu. Aliniamrisha, akanisuta, akaniambia nimekunja vitambaa kama mtu anayekimbia polisi. Nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo. Sufuria nyeusi ilirudi juu ya gesi, na Ba akaishika ukingoni akavuta pumzi.

Kisha akapika, na mimi nikakaa.

Jaribuni siku moja. Mikono nimeikalia kweli, sitanii, imekufa ganzi. Siku ya kwanza alikwaruza tangawizi polepole hadi nikasoma zaburi nzima kichwani. Maziwa yakafurika yakazima moto. Siku ya pili akasahau majani, tukanywa maziwa ya tangawizi na kujifanya ndivyo tulivyotaka. Kila nilipoinua kiuno kutoka kitini alisema bila kugeuka, "Mama Wawuda, kiti naungua?"

Siku chai ilipotoka sawasawa, nyekundu, yenye harufu ya kuamsha jirani, aliimimina kwenye vikombe viwili vya kaure vyenye maua, na visahani vyake. Akaweka kimoja mbele yangu. Nami, bila kufikiri, nikainuka, nikachukua kile kifuniko cha chupa yangu, nikaanza kuhamishia chai humo.

"Nafanya nini?" akauliza.

Nikataka kumtajia sheria ya ofisi. Lakini alikuwa ananitazama, na nilikuwa nimechoka na ile sheria. Nikamweleza habari za mama yangu na kikombe cha bati cha Voi. Sikumlaumu. Nilisema tu kilikokuwa kinakaa.

Ba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwetu pia. Yetu ilikuwa ya buluu. Ya Atieno, yaya yangu." Akaweka mikono mezani. "Atieno nalea mimi tangu mtoto. Mimi napenda yeye kama mama. Hata siku moja yeye hapana kaa meza yetu. Na mimi hapana uliza kwa nini."

Nje upepo ulikuwa unasukuma majani mlangoni. Akakirudisha kikombe mbele yangu kwa vidole viwili.

"Sasa wewe kaa."

Nikakaa. Nikavua na koti. Chai ilikuwa na sukari ya harusi, na niliinywa huku machozi yanaingia kikombeni, kwa ajili ya mama yangu, na kwa furaha pia, sitawaficha. Kukaa na kupokea, hiyo ndiyo shukrani niliyojifunza katika kazi yangu, nami nilikuwa nimedhani ninaijua. Nilikuwa bingwa wa kutoa. Kupokea nilikuwa sikujua hata pa kuanzia, na kumbe asiyejua kupokea humnyima mwenzake nafasi ya kutoa. Jioni ile nilipiga simu ofisini nikaomba ruhusa. Msimamizi akasema chai ya mafunzo ya mteja inaruhusiwa, lakini chapati hapana. Chapati nilizila bila kumpigia.

Siku zilizofuata ndizo nzuri kuliko zote nilizofanya kazi. Kabla ya Diwali wanasafisha nyumba nzima, maana wanaamini baraka haiingii nyumba isiyofagiliwa. Yeye alisafisha kila kilichofikika kutoka kwenye kiti, mimi nikashika vya juu. Tulipangusa picha ya marehemu mumewe, tukapaka rangi vijitaa vya udongo, tukachambua dengu huku hita ikinguruma na madirisha yakitoka jasho. Siku tuliyorudisha saa nyuma, kama ifanywavyo hapa kila vuli, giza likaingia mapema, naye alilalamika kwamba Waingereza wameiba jioni yake, akawasha kitaa kimoja cha kujaribu. Majani ya mlangoni nilifagia mimi, yeye akiwa amesimama ndani na fremu yake, akinionyesha niliyoyaacha.

Claire alirudi. Dilip alikuwepo, funguo mkononi, amesimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kumchukua abiria. Claire akaomba chai.

Ba aliingia jikoni. Mimi nikaketi mezani na kuikalia mikono yangu. Maji, tangawizi, majani, maziwa, hakuna alichokitafuta. Kila kitu mkono ulikikuta. Kisha akageuka kufuata bati la sukari, akiipa sufuria mgongo, na mimi nikaona maziwa yanaanza kupanda.

Yalipanda pembeni kwanza, kisha katikati. Ba alikuwa anahangaika na kifuniko cha sukari. Nikamtazama Claire, nikakuta hamtazami Ba hata kidogo, ananitazama mimi. Nikajua siku ile anayepimwa ni nani. Magoti yangu yalishaanza kunyooka. Dilip akapiga hatua.

"Kaa," alisema Ba, bila kugeuka. Sijui alimwambia nani kati yetu. Tulikaa wote wawili.

Masikio yake yalikuwa yamesikia sauti ya maziwa kubadilika. Alinyoosha mkono nyuma, akapunguza moto, povu likateremka taratibu hadi mahali pake. Akatia sukari. Akamimina vikombe vinne bila kumwaga tone, isipokuwa kile cha Dilip, na nadhani hicho alikimwaga makusudi.

Dilip aliionja chai ya mama yake akiwa ameketi, funguo mfukoni. "It's too sweet, Mum," akasema. Kisha akasukuma kikombe mbele aongezewe.

Claire aliagiza chuma cha kushikia mlangoni na kengele ya kuvaa shingoni ya kuitia msaada, basi. Ba akawasha taa zake mlangoni pake mwaka ule, na miaka mingine baada ya ule. Alifariki humo humo, mchana, redio yake ikiimba. Dilip akaniletea kikombe kimoja cha maua na kisahani chake, kimefungwa kwenye shali. Aliniambia ameambiwa na mama yake tangu zamani kwamba hicho ni changu, kwa hiyo yeye haleti zawadi, anarudisha tu.

Hicho ndicho kikombe mlichokikuta kwenye rafu ya chini kando ya sinki, mkakiona kizuri mno, mkakifungia kwenye kabati la vioo kama kombe la mpira.

Basi sikilizeni. Alhamisi huyo mtu wa kaunsili ataniomba chai, na mkono wangu utanyooka mahali ambapo sufuria imekaa miaka yote. Nisaidieni uikute. Jumatano jioni njooni. Rudisheni kila kitu nitakavyowaonyesha, nitakuwa kwenye kiti, na nimeshajiandaa kuwasuta. Kisha vueni makoti mkae mezani. Nitapika mimi. Nitakuwa mzito, mtaniona nikishikilia meza, na maziwa yatapanda. Faith, utataka kuja. Brian, wewe utaruka kabisa, nakujua. Kalieni mikono.

Kikombe cha Ba atakinywea yule aliyepandisha sufuria. Ajitokeze tu, asiogope. Na aje na tangawizi, maana yangu bado sijui mmeificha wapi.